Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mahakama Mtwara na Lindi: wapeni wanafunzi wa sheria nafasi ya kudumu kwenye kesi za jinai

Kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu ya Tanzania, Kanda ya Mtwara. Waheshimiwa Mahakimu Wakazi Wafawidhi wa Mtwara na Lindi, pamoja na mahakimu wafawidhi wa wilaya zote. Viongozi wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka katika mikoa yetu miwili. Na wakuu wa vyuo vinavyofundisha sheria huku Kusini.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ninafundisha mwenendo wa mashauri ya jinai hapa Mtwara, na nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu barua za ndani tumeshaandika, baadhi zimejibiwa na nyingi zimelala kwenye mafaili. Ombi langu ni moja. Naomba ziara za wanafunzi wa sheria kwenye mahakama za jinai ziwekewe utaratibu wa kudumu, wenye kalenda na wenye mtu anayewajibika nao, zisiendelee kutegemea nani yuko zamu getini siku hiyo.

Siombi upendeleo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mahali panaposikilizwa shauri la jinai ni mahakama ya wazi, na wananchi wanaruhusiwa kuingia kadiri chumba kinavyoweza kuwachukua. Hakimu au jaji anabaki na mamlaka ya kumzuia mtu au kuwatoa watu pale inapobidi, na hilo hakuna anayelipinga. Ushahidi katika makosa ya kujamiiana unasikilizwa faragha. Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo haiko wazi kwa kila mtu, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Lakini ukishayatoa hayo, sehemu kubwa ya kazi ya jinai inayofanyika kila siku kuanzia Mahakama za Mwanzo hadi Mahakama Kuu iko wazi kwa mama ntilie, kwa dereva wa bodaboda, kwa mstaafu aliyekosa la kufanya. Inakuwaje basi iwe ngumu kwa mwanafunzi wa sheria?

Nitaeleza kilichotupata kwenye mahakama moja katika kanda hii. Sitaitaja, kwa sababu sina nia ya kumchongea mtu. Tulifika asubuhi na basi dogo la kukodi lililolipwa kwa michango ya wanafunzi wenyewe. Vijana wamevaa nyeusi na nyeupe, wengine suti za kuazima, viatu vimepigwa rangi usiku. Mlinzi akauliza kibali. Nikampa nakala ya barua ya chuo yenye muhuri wa masijala wa kupokelewa. Akaisoma yote, taratibu, kisha akasema: "Mwalimu, hii ni ya kuomba. Ya kujibiwa iko wapi?" Karani aliyeitwa akasema mfawidhi yuko safarini na barua haijapangiwa mtu. Tukakaa nje chini ya mwembe. Baadaye karandinga likaingia, mahabusu wakashuka wawili wawili wakiwa na pingu, ndugu zao wakawafuata kwa nyuma na vyakula kwenye ndoo ndogo, wakaingia wote. Sisi tukabaki pale pale mpaka saa sita, tukarudi chuoni.

Simlaumu yule mlinzi hata kidogo. Alikuwa anaogopa kulaumiwa, na mtu asiyepewa maelekezo huona usalama kwenye kukataa. Nikiwa mkweli, kijana mmoja mmoja angepenya. Aliyekuja peke yake na kukaa benchi la nyuma asingeulizwa chochote. Tatizo linaanza tunapokuja kama darasa, tukiwa na mwalimu na barua. Yaani kufuata utaratibu ndiko kulikotufungia mlango, na vijana waliliona hilo waziwazi. Nilipata tabu kuwaeleza kwa nini wasiache kuandika barua.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi.

Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), anakopita mwenye shahada ya sheria kabla ya kuwa wakili. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni, na tangu hapo kila mtu ana maoni yake: wengine wanalaumu Kiingereza cha vijana, wengine vyuo, wengine Shule yenyewe. Mimi nilikuwa nawafikiria vijana wangu. Wengi wao watafika Dar es Salaam, kwenye shule inayowataka wawe tayari kusimama mahakamani, hali hawajawahi kumsikia shahidi hata mmoja akihojiwa maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa na upande wa pili. Wanajua majina ya kesi. Waamshe saa nane usiku uwaulize kuhusu utambuzi wa mshtakiwa gizani, watakujibu Waziri Amani, 1980. Waulize kuhusu mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani kumbukumbu ya kila mkono kilikopita hadi mahakamani, watakutajia Paulo Maduka. Waulize kwa nini kielelezo hakisomwi kabla hakijapokelewa, watakwambia Robinson Mwanjisi. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba kubangua korosho hakufundishwi ubaoni, maana mafuta ya ganda lazima yakuguse vidole ndipo ujue namna ya kuishika. Sheria ya ushahidi nayo ndivyo ilivyo.

Siku tuliyopokelewa vizuri, kwenye mahakama nyingine ya wilaya, niliona darasa langu likibadilika ndani ya saa mbili. Hakimu alituruhusu kwa sharti la simu kuzimwa na kukaa kimya, akaendelea na kazi yake kama hatupo. Shauri lilikuwa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Shahidi alikuwa mama mtu mzima kutoka kijijini, mtandio begani, sauti ya chini kiasi kwamba aliombwa mara kadhaa aongeze. Alisema walioingia walikuwa na panga na kwamba mmoja alimtambua. Wakili wa Serikali akamuuliza kwa mwanga gani. Akajibu, wa taa ya sola. Ikiwa wapi? Ukutani, juu ya mlango wa chumba cha watoto. Wewe ulisimama wapi na yeye alisimama wapi? Mama akageuka, akatazama ukumbini, akanyoosha mkono: "Kama kutoka hapa nilipo mpaka pale alipokaa yule kijana mwenye tai nyekundu." Alikuwa mwanafunzi wangu. Hakimu akainua macho, akapima kwa macho ule umbali, akauliza pande zote mbili kama wanakubali ni takriban mita tano, kisha akainama kuandika.

Pale pale vijana wakaelewa kitu ambacho mimi nilikuwa nimekihubiri muhula mzima bila mafanikio. Mahakama ya Rufani inaposema umbali, ukali wa mwanga na muda wa kumtazama mtuhumiwa ni lazima vielezwe, inazungumzia mama huyu, mkono huu, na sentensi ile aliyoiandika hakimu. Sentensi hiyo ikikosekana kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu iliyoandikwa mahakamani, rufaa itakuja kusimama au kuanguka kwa sababu hiyo, miaka kadhaa baadaye, mbele ya majaji watatu ambao hawatamwona mama yule kamwe.

Kisha ikaja zamu ya mshtakiwa. Hakuwa na wakili. Hakimu akamgeukia: "Una maswali kwa shahidi?" Yule kijana akasimama kizimbani akasema, "Mheshimiwa, mimi siku hiyo nilikuwa kwa shemeji yangu, na huyu mama tuna ugomvi naye wa shamba." Hakimu akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba hayo ni maelezo yake na atapewa nafasi ya kuyasema wakati wa kujitetea, kwa sasa amuulize shahidi swali. Akakaa kimya. Akatazama chini. Akajaribu tena: "Mheshimiwa, anasema uongo." Akaelekezwa tena. Mwisho akasema, "Sina swali."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya wanafunzi wangu na niliona madaftari yao. Karibu kila mmoja alikuwa ameandika maswali ambayo yule mshtakiwa hakuyauliza. Taa ile ilikuwa imechajiwa tangu lini? Ulimtazama kwa muda gani kabla hujafunikwa macho? Mtu wa kwanza kufika ulimtajia jina la huyu? Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu mahakama zetu zimeshasema, katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa kunaupa ushahidi wake uzito, na kuchelewa kumtaja kunatia shaka. Na ugomvi wa shamba nao ungeweza kuwa swali zuri sana. Kijana alikuwa nao mdomoni, hakujua tu kuugeuza.

Adhabu ya kosa lile ni kifungo kisichopungua miaka 30. Halina dhamana. Sijui, na wala si kazi yangu kujua, kama yule kijana alitenda au hakutenda. Ninachojua ni kwamba njiani kurudi hakuna aliyeimba ndani ya basi. Binti mmoja anayekaa mbele darasani akaniuliza kwa nini Serikali inampa wakili mtu anayeshtakiwa kwa mauaji, na huyu wa miaka 30 anasimama peke yake. Tukaongea hadi getini chuoni. Nikawaeleza kuhusu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayompa jaji au hakimu uwezo wa kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapodai hivyo, na nikawaeleza kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani. Wiki iliyofuata wanafunzi wenyewe waliniomba tuisome sheria hiyo kifungu kwa kifungu. Haikuwemo kwenye mtaala wa muhula ule. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sikumbuki darasa kuomba lisomeshwe zaidi ya mtihani.

Waheshimiwa, vijana hawa ndio watakaokuwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo huko Liwale na Nanyumbu. Ndio watakaokuwa waendesha mashtaka Ruangwa, mawakili Masasi, wasaidizi wa kisheria Newala na Tandahimba. Mawakili wengi wa nchi hii wako mijini, na Kusini tunalijua hilo vizuri kuliko wengine. Anayekubali kubaki huku, au kurudi huku, ni wa kutunzwa tangu akiwa mwanafunzi. Akimaliza shahada bila kuiona kazi yenyewe ikifanyika nyumbani kwao, mnashangaa nini akiondoka?

Tena wakati huu una nafuu ambayo sisi wa zamani hatukuwa nayo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kinachosemwa na kinachoandikwa vimekaribiana. Mwanafunzi wa stashahada anaweza kufuata hoja za awali, pale pande mbili zinapobainisha mambo yasiyobishaniwa kabla ya mashahidi kuitwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Hukumu nazo zinapatikana kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na ninawahimiza wazisome. Kuna wenzangu wanaosema hiyo inatosha. Hapana. Hukumu inakuja mambo yakiwa yameshapangwa. Haioneshi jinsi shahidi wa polisi anavyobabaika anapoulizwa nani alisaini hati ya ukamataji wa vielelezo, wala jinsi wakili anavyoacha kuuliza swali moja lililobaki kwa sababu amehisi jibu litamwangusha. Haioneshi kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, pale mshtakiwa anapokana kuwa alitoa maelezo yake kwa hiari na mahakama inasimamisha kila kitu kwanza ili kulichunguza hilo. Jambo hilo nimelifundisha mara nyingi kwa kuchora mishale ubaoni, na kila mara naona macho yanayonikubalia bila kuelewa.

Na kesi za kujifunzia tunazo hapa hapa. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara ndiyo iliyosikiliza shauri la mauaji ya mfanyabiashara wa madini kutoka Mkoa wa Lindi, tukio la mwaka 2022, ambalo washtakiwa walikuwa askari polisi. Mwaka 2025 hukumu ilipotoka, baadhi walitiwa hatiani na wengine wakaachiwa huru. Nchi nzima ilifuatilia. Fikirieni somo lililokuwemo mle: polisi waliozoea kuwa mashahidi wamekaa kizimbani, mahakama inapima ushahidi dhidi ya kila mmoja wao peke yake, na baada ya uzito wote wa kilio cha umma bado inawaachia ambao ushahidi haukuwafikia. Ibara ya 13 ya Katiba, inayosema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, ingefundishwaje vizuri zaidi ya hapo? Mahakama ya Rufani nayo huja Mtwara kwa vikao vyake. Mahakama Kuu huhamia Lindi na Masasi kusikiliza mashauri ya mauaji. Sioni sababu ya kuwasafirisha vijana zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam wakaone kitu kilichopo nyumbani.

Nimezisikia hofu zenu, na nyingine naziunga mkono. Vyumba vingi vya mahakama za wilaya ni vidogo. Ukijaza wanafunzi, ndugu wa mshtakiwa na wa mlalamikaji wanakosa pa kukaa, na wao ndio wenye haki ya kwanza. Kwa hiyo tusije darasa zima. Tuje makundi ya watu kumi, tupokezane, na siku yenye ndugu wengi tutoke wenyewe bila kusubiri kuambiwa. Shahidi wa kijijini naye anaweza kutishika akiona safu ya vijana wenye kalamu. Hilo ni kweli. Kuna mwanafunzi aliwahi kucheka shahidi alipochanganya Kimakonde na Kiswahili, na nilimtoa nje papo hapo. Hakurudi kwenye ziara muhula ule. Mtu anayesimama kizimbani, awe shahidi au mshtakiwa, hajaja pale kuwa somo la mtu mwingine, na mwanafunzi asiyeweza kuliheshimu hilo hafai hata kwa kazi yenyewe. Simu zibaki kwenye basi. Picha zisipigwe kabisa, hata nje, hata za karandinga. Jina la mshtakiwa lisiingie kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria za namna hiyo tutaziandika na kila mwanafunzi atazisaini, na atakayevunja chuo kimwajibishe.

Najua pia kwamba kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Mahakama huwa na Wiki ya Sheria, na mabanda huwekwa, elimu hutolewa, wanafunzi hualikwa. Nashukuru kwa hilo na tutaendelea kuja. Ila wiki ile ni ya maelezo na hotuba. Mimi nazungumzia Jumanne ya kawaida ya mwezi Agosti, siku ambayo mashauri mengi yanatajwa na kuahirishwa, shahidi mmoja hajafika kwa sababu hakupata nauli, na jalada moja liko kwa mwanasheria wa Serikali. Mwanafunzi anapaswa kuiona na siku hiyo. Anapaswa kumwona mahabusu aliyeambiwa "upelelezi bado haujakamilika" akigeuka kumtafuta mama yake kwa macho kabla ya kupelekwa gereza la Lilungu, ili siku atakapokuwa yeye ndiye mwenye jalada mezani, alifungue. Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka Mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi. Maneno hayo vijana wameyakariri; wakikaa kwa muda wa saa nne kwenye benchi wataelewa yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Basi naomba hivi. Mheshimiwa Jaji Mfawidhi, toa waraka mmoja kwa mahakama zote za kanda, unaosema wanafunzi wa sheria wenye kitambulisho na walioambatana na mwalimu wapokelewe kwenye mashauri ya wazi, na kwamba taarifa ya chuo inayofika wiki moja kabla inatosha bila kusubiri majibu, isipokuwa mahakama yenyewe ikisema siku hiyo haifai. Kila mahakama iwe na karani au ofisa mmoja ambaye namba yake ya kazini tunaijua. Orodha ya mashauri ya wiki, ambayo hivi sasa tunaikuta imebandikwa asubuhi hiyo hiyo, tupewe mapema ili vijana waje wamesoma vifungu vinavyohusika. Vikao vya Lindi na Masasi navyo tuarifiwe, ili wanafunzi wa Lindi nao wasilazimike kuja Mtwara, kilomita mia na kitu, kwa jambo linalofanyika mjini kwao.

Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, ninyi ndio natamani tuanzie kwenu. Kwenu ndiko mwananchi wa kawaida anakokutana na sheria kwa mara ya kwanza: wizi mdogo, shambulio la kawaida, matusi, ugomvi wa jirani uliofika polisi. Hapo kijana ataona shauri zima kwa siku chache, tangu kusomewa shtaka hadi hukumu, jambo ambalo Mahakama Kuu litamchukua miezi.

Ndugu zetu wa Ofisi ya Mashtaka, kwenu naomba nusu saa tu baada ya kazi. Mtueleze, bila kugusa shauri lolote lililoko mahakamani, mnaamuaje kushtaki na mnaamuaje kutoshtaki, na kwa nini Mkurugenzi wa Mashtaka wakati mwingine anasema hana nia ya kuendelea na shauri. Wananchi wengi wanadhani kila anayeachiwa hivyo amehonga mtu. Wanafunzi wangu wengine nao wanadhani hivyo hivyo. Hakuna wa kuwaondolea dhana hiyo isipokuwa ninyi. Mawakili wa kujitegemea walioko huku nao nawaomba vivyo hivyo. Mnapita koridoni mkiwa na haraka, nalielewa hilo, lakini dakika kumi zenu chini ya ule mwembe zinamjenga kijana kuliko mnavyofikiri.

Wakuu wa vyuo, na chuo changu kikiwemo, hapa lazima niseme wazi. Hatuwezi kuilaumu Mahakama wakati sisi wenyewe hatujaliweka jambo hili kwenye bajeti. Mwanafunzi ambaye ada yake imetoka kwenye msimu wa korosho wa baba yake, na msimu wenyewe bei haikuwa nzuri, anachangishwa tena nauli ya kwenda mahakamani. Asiye nayo anabaki bwenini. Hivyo wanaobaki ni wale wale wanaotoka kwenye kaya ambazo ndugu zao wanasimama kizimbani bila wakili. Tengeni mafuta na basi. Na ziara iwe na alama: kila mwanafunzi awe na daftari la mahakamani, aandike alichokiona, shahidi aliongozwaje, kipi kilipingwa na kwa sababu gani, na yeye angefanya nini. Lisahihishwe na lihesabiwe kwenye alama za muhula. Mahakama za mazoezi tunazofanya ukumbini zina faida yake, lakini mle kila shahidi ni mwanafunzi mwenzao aliyekariri, na hakuna anayelala rumande baada ya igizo kwisha.

Kwa upande wangu niko tayari kufanya kazi itakayotakiwa. Rasimu ya kanuni za mwenendo wa wanafunzi mahakamani ninayo, ukurasa mmoja na nusu. Rasimu ya ratiba ya mwaka ninayo pia, inayoanza na Mahakama za Mwanzo na kuishia Mahakama Kuu. Zote nitaziwasilisha kwa Naibu Msajili wiki hii, na nakala nitaziacha kwenye ofisi za mahakimu wafawidhi wa mikoa yote miwili, ili zikosolewe na kurekebishwa na wanaoijua kazi kuliko mimi. Mwaka mpya wa masomo unakaribia. Ninaomba kikao cha saa moja kabla haujaanza, siku yoyote mtakayopanga na kwenye ofisi yoyote mtakayochagua, tukubaliane tarehe ya kundi la kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Mwenendo wa Mashauri ya Jinai,
Shangani, Mtwara